Vali Niliyoifunga Mimi

Juzi nilikwenda Majengo kununua nyama, nikamkuta fundi mmoja wa rika lenu amechuchumaa nyuma ya bucha, anazungusha shina la vali kwa plaizi. Kwa plaizi! Geji zake zilikuwa za kisasa, zile zinazozungumza na simu, zinamsomea presha, zinamsomea joto, nadhani zikibembelezwa zinamwambia na hali ya hewa ya Mbeya. Lakini shina la watu lenye pembe nne analiguguna kama panya aliyepata hindi.

"Shikamoo mama," akasema bila kuinua kichwa.

"Marahaba mwanangu. Hilo shina limekukosea nini?"

Akacheka. Alidhani ni bibi tu wa mtaani, anatafuta wa kuzungumza naye huku akisubiri maini. Simlaumu. Ukiniona na khanga zangu mbili huwezi kudhani kwamba mikono hii ilinuka oili ya kompresa kwa miaka mingi, mpaka marehemu mume wangu akawa anawaambia rafiki zake kwamba yeye ameoa jenereta.

Basi nimerudi nyumbani nikakaa, nikaona niwaandikie nyie mafundi wa friji wa sasa. Sitawafundisha umeme, maana mnanishinda. Sitawafundisha gesi mpya, maana kila nikimaliza kujifunza jina la moja, mnaleta nyingine. Nitawaeleza habari ya vali mbili tu, na jinsi moja kati ya hizo mbili nusura initoe katika ufundi.

Kompresa kubwa za vyumba vya baridi zina vali mbili za kufungia, zimekaa mwilini mwake kama masikio. Moja iko upande wa kunyonya, gesi inakorudi ikitoka chumbani. Nyingine iko upande wa kusukuma, gesi inakotokea ikiwa ya moto na yenye presha. Kila vali ina shina, na shina linavalishwa kofia ya shaba. Vua kofia, zungusha shina kwenda nje mpaka mwisho: njia ya gesi iko wazi. Zungusha kwenda ndani mpaka mwisho: njia imefungwa, unaweza kuing'oa kompresa nzima na gesi iliyoko kwenye mabomba ikabaki palepale. Liache katikati, geji inasoma. Ni hayo tu. Mtu mwenye akili anayajua kabla chai haijapoa.

Ila kuna jambo moja. Kompresa haina macho. Ukiiwasha wakati vali ya kusukuma imefungwa, yenyewe haijui. Inasukuma tu. Gesi haina pa kwenda, na kitu cha kwanza kuchoka kitapasuka.

Mimi sikuanza kama fundi. Nilikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma lililokuwa na chumba cha baridi hapa mjini, cha nyama na samaki. Fundi mkuu alikuwa Mzee Otmari Haule, mrefu, mwembamba, mwenye sweta la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka, kwa sababu alisema mtu anayeingia na kutoka kwenye baridi akivua sweta ndipo anapougua. Alikuwa akija dirishani kwangu na karatasi ya kuomba vifaa.

"Skola, nipe nati ya nusu inchi."

"Ipi, Baba? Ya bomba la kupanuliwa mdomo au ya adapta?"

Alikuwa ananitazama, anatabasamu upande mmoja wa mdomo, anajibu. Sikuwa nimewahi kufungua nati hata moja, lakini zote nilizijua kwa sura, kwa uzito, na kwa boksi zinamolala.

Enzi za ruksa, za biashara huria, zilipofika, mashirika yakaanza kupunguza watu. Wasaidizi wawili wa Mzee Otmari hawakungoja kupunguzwa. Mmoja alikwenda kuuza mitumba, mwingine akaenda Mbinga kununua kahawa. Mzee akabaki peke yake na mashine kuukuu. Akaenda kwa meneja akasema, "Nipeni yule binti wa stoo. Vitu vyote anavijua majina. Iliyobaki ni mimi kumtambulisha."

Ndivyo nilivyokuwa fundi. Mwanamke, na ovaroli la mwanamume aliyekwenda Mbinga, miguu nimeikunja mara tatu. Tukiitwa mahali, watu walikuwa wanamsalimia Mzee, wananitazama mimi, kisha wanamwuliza, "Na fundi msaidizi hakuja?" Mzee anajibu, "Amekuja. Ndiye huyu mwenye kelele." Nikibeba mtungi wa gesi, wanaume walikuwa wanakuja kunipokea kwa huruma. Nikisema vali imeoza, wanamgeukia Mzee athibitishe. Nilizoea, lakini kuzoea si kupenda. Nikajiapiza kwamba mimi nikikosea, hakuna atakayeona.

Hapo shikeni vizuri, maana ndipo upumbavu wangu ulipoanza. Mtu anayeapa kwamba makosa yake hayataonekana hajaapa kutokosea.

Na nilikosea, tena sana. Mara ya kwanza kuchomelea bomba kwenye vali, sikuifungua kutoa vya ndani, wala sikuizungushia kitambaa cha maji. Niliipiga moto mpaka shaba ikawa nyekundu kama jua la kuzama, silva ya kuchomelea ikatiririka vizuri, nikarudi nyuma kujisifu. Mzee Otmari akaisubiri ipoe, akaitia presha, akaniita niweke sikio. Ilikuwa inapiga mluzi. Mipira yote ya ndani ilikuwa imeungua.

"Mkate wako umeiva vizuri," akaniambia. "Sasa chemsha na chai, tuule."

Tangu siku hiyo kitambaa chenye maji nilitembea nacho kama mama mwenye kichanga. Nanyi tembeeni nacho. Najua mnacho, mnafutia jasho.

Mwishowe shirika lenyewe likauzwa. Jengo na chumba cha baridi vilinunuliwa na Bwana Rashidi Mtila, Muislamu mtulivu kutoka Tunduru aliyekuwa mfanyabiashara wa korosho. Hakujua lolote kuhusu friji na hakuona aibu kulisema, jambo ambalo nililiona kwa matajiri wachache sana. Katika wafanyakazi wote wa zamani alituchukua sisi wawili: Mzee Otmari kwa mashine, na mimi kwa mashine na pia kwa kupokea mizigo, kwa kuwa nilikuwa karani. Akaingia mkataba na sekondari mbili za bweni na jiko la hospitali, awe anawaletea samaki wa Ziwa Nyasa. Kompresa yetu ya zamani ilikuwa imechoka kiasi kwamba ukiiwasha majirani walidhani kuna mtu anasaga kokoto. Bwana Rashidi akasafiri mpaka Dar es Salaam, akarudi na kompresa nyingine, iliyotumika Ulaya.

Nzuri kabisa, inang'aa. Ila midomo yake ilikuwa ya milimita, na mabomba yetu yalikuwa ya inchi.

Nyie mliozaliwa na adapta mkononi hamwezi kujua tulivyohangaika miaka ile. Biashara ilifunguliwa, vitu vikaingia kutoka kila upande wa dunia, na hakuna kilichokuwa kinaelewana na mwenzake. Bomba la nusu inchi na tundu la milimita kumi na mbili, kwa macho, ni ndugu. Lazimisha, na nati itaingia mizunguko miwili kisha ikwame, nawe utasema imekaza. Haikukaza; imeumia. Na kinyume chake, bomba la milimita kumi na mbili ndani ya tundu la nusu inchi linacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba, na fundi mvivu analijaza pengo kwa silva. Mzee Otmari alikataa yote mawili. Tulikaa siku nne tukitengeneza vipande vya kuungia, mdomo mmoja umepanuliwa kwa inchi na mwingine kwa milimita, tunapima, tunasugua, tunapima tena.

Siku ya tano asubuhi tukaiwasha. Haikusaga kokoto. Ilikuwa inanong'ona. Mzee alivua kofia yake kichwani, akaivaa tena. Bwana Rashidi akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kupiga simu Mbamba Bay kwamba samaki waletwe.

Tukapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta uvujaji. Vyote vilikuwa vikavu, isipokuwa pale vali ya kusukuma inapofungwa kwenye mwili wa kompresa. Pana nati kubwa na ringi nyeupe ndani yake, laini kama kucha ya mtoto. Pale palichomoza tone moja la povu, likavimba polepole, likapasuka, likaanza tena.

"Dogo hilo," Mzee akasema. "Tutabadilisha ringi wiki ijayo. Leo samaki wanakuja."

Saa sita mchana umeme ukakatika, ule mgao wetu wa kila siku. Mzee akazima swichi kubwa ukutani, akaniambia anakwenda nyumbani Mfaranyaki kula, umeme ukirudi saa nane atakuwa amefika. Mimi nikabaki na lile tone la povu.

Nililitazama kama mtu anavyotazama doa kwenye shati jeupe. Nilikuwa na ringi mpya kwenye kopo langu la zamani la stoo, kipimo kilekile. Niliijua mahali inapolala. Nikawaza: Mzee akirudi, apake sabuni, akute pakavu. Atauliza, nami nitajifanya sijui. Nilishaanza hata kuutengeneza uso wa kujifanya sijui.

Nikafunga vali zote mbili. Nikatoa gesi kidogo iliyobaki ndani ya kompresa, nikalegeza nati kubwa, nikatoa ringi ya zamani, nikaweka mpya, nikakaza. Kazi safi. Nikafungua ya kunyonya, nikairudishia kofia yake. Nikashika kofia ya pili, na hapohapo nikasikia honi nje.

Lori la samaki lilikuwa limefika mapema. Dereva anaita, "Karani! Karani yuko wapi? Barafu inayeyuka huku!" Nami mikono yangu, kwa kuwa ilikuwa imeshashika kofia, ikaifunga. Nikafuta mikono, nikatoka mbio.

Kofia ilikuwa juu ya vali. Vali ilikuwa imefungwa. Na mimi nilikuwa uani nikihesabu kreti za mbasa na magege, nikigombana na dereva kuhusu kreti moja iliyopasuka.

Kofia ya vali haina kazi ya urembo tu, wala si ya kuzuia uvujaji peke yake. Kwa fundi ni neno. Ikiwa juu inasema, "Nimemaliza hapa, pita." Ndiyo maana baadaye nilijiwekea sheria ambayo nawapa bure: wakati vali imefungwa, kofia yake inakaa mfukoni mwako, na swichi inafungiwa kitambaa. Hata ukiitwa na Rais. Utakapokimbia, kofia itakupiga paja.

Saa nane umeme ukarudi. Mzee Otmari naye akarudi, akapita mlango wa nyuma. Aliona kofia mbili mahali pake. Akawasha.

Kulikuwa na swichi ya usalama ya kuzima mashine presha ikizidi, lakini ile ya kompresa mpya ilikuwa bado haijaunganishwa. Nayo tuliipangia wiki ijayo. Nilisikia mlio kama wa tairi la lori linapopasuka, kisha sauti ya gesi ikitoka kwa nguvu, na wingu jeupe likajaa mlangoni. Nikaacha kreti, nikaingia nimeziba pua, nikavuta swichi chini. Mzee Otmari alikuwa amekaa sakafuni akiegemea ukuta, sweta la kijivu limelowa oili, mkono wake wa kulia umeungua kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko.

"Baba!"

"Niko hai. Nipe spana."

Hakutaka maji, hakutaka kitambaa. Alitaka spana. Akainuka, akavua kofia ya vali ya kusukuma kwa mkono wa kushoto, akazungusha shina kwenda nje. Likazunguka. Likazunguka tena. Lingekuwa wazi lisingezunguka hata robo. Akawa anahesabu mizunguko kimoyomoyo, midomo inacheza, na nikauona uso wake unabadilika.

"Ilikuwa imefungwa," akasema.

Bwana Rashidi alikuwa ameshaingia, leso puani. "Nani kaifunga, Mzee wangu?"

Mzee Otmari alikuwa na tabia, umeme ukikatika kwa muda mrefu, kufunga vali mpaka urudi. Mgao wa mchana ulikuwa mfupi, kwa hiyo siku ile hakufunga. Lakini sasa alisimama pale akijitafuta kichwani na hakujipata.

"Huwa naifunga umeme ukikatika," akasema polepole. "Lazima niliifunga. Nikasahau."

Nilifungua mdomo. Nawaambia kweli, niliufungua. Nikawaona wale wapakuzi wa lori wamejazana mlangoni, nikamwona dereva, nikasikia tayari watakavyosema Majengo nzima: si tuliwaambia, mwanamke na spana wapi na wapi. Nikaufunga.

Kichwa cha kompresa kilikuwa kimepasuka gasketi na sahani zake za ndani zimevunjika. Kipuri kingetoka Dar es Salaam kwa basi, na kingekuja kitakapokuja. Samaki hawakuweza kungoja. Bwana Rashidi aliwapelekea wateja wake samaki waliowezekana, waliobaki akawagawa, msikitini na kanisani bila ubaguzi. Waliobaki tena wakatiwa chumvi na kubanikwa juu ya mapipa yaliyopasuliwa. Kwa siku tatu Majengo ilinuka samaki mpaka paka wakashiba, wakawa wanawatazama samaki kwa dharau kama watoto wa tajiri wanavyotazama uji.

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Mzee Otmari ndiye hakucheka.

Bwana Rashidi alimwita siku ya tatu. Nilikuwa napiga deki nje ya ofisi nikasikia. Alimwambia kwa adabu zote, ndiyo maana iliumiza zaidi. "Mzee wangu, umefanya kazi ya watu wawili kwa muda mrefu. Inshallah kipuri kikija, Skola atakifunga. Wewe ukapumzike shambani kwako Madaba. Hakuna ubaya baina yetu." Mzee akajibu, "Hakuna ubaya," akatoka. Alinipita mlangoni, akanigusa bega kwa mkono usio na bandeji. "Utaiweza," akaniambia.

Laiti angenipiga kofi.

Siku ya tisa tangu ajali, mchana, nilibeba samaki wawili wa kubanika nikaenda Mfaranyaki kumjulia hali. Mkewe, Mama Bonifasi, alinipokea nje kabla sijabisha hodi, akanivuta pembeni.

"Skola, mzee ana nini? Jana ameniuliza mara mbili kama amekunywa dawa. Akifunga mlango anarudi kuutikisa. Anaandika mambo kwenye kiganja. Mtu niliyeishi naye miaka yote hii hajawahi kusahau hata siku ya kunigombeza."

Alitaka kucheka, ikashindikana.

Ndani, Mzee Otmari alikuwa kwenye kigoda, amebana vali kuukuu katikati ya magoti. Kwa mkono wa kushoto alikuwa analizungusha shina kwenda ndani. Akasema kwa sauti, "Nimefunga." Akalizungusha kwenda nje. "Nimefungua." Akaiweka chini, akafumba macho muda kidogo, akaichukua tena kupima kama alikumbuka sawasawa. Fundi niliyedhani aliitengeneza baridi yenyewe, anafanya mtihani wa mtoto wa chekechea, peke yake, na anaogopa majibu.

Nilikaa sakafuni, samaki bado mikononi.

"Baba, vali niliifunga mimi."

Akaniangalia.

"Ulipokwenda kula, nilibadilisha ringi. Nilifunga zote mbili. Nikafungua ya kunyonya tu. Lori likaja."

Mama Bonifasi alikuwa amesimama mlangoni.

"Na kofia?" Mzee akauliza. "Kofia alirudisha nani?"

"Mimi."

"Kabla ya kufungua?"

"Kabla."

"Ringi uliitoa wapi?"

"Kwenye kopo la stoo."

"Kipimo sawa?"

"Sawa, Baba."

Aliiweka vali chini taratibu. Nilikuwa nimejikunja kungoja matusi. Badala yake bega lake likaanza kutikisika, kisha kifua, kisha akaangua kicheko nisichopata kukisikia kwake, machozi yanamtoka.

"Mama Boni!" akaita, ingawa mkewe alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. "Mama Boni, sijazeeka! Umesikia? Nina akili zangu! Sikuifunga! Nilijua sikuifunga!"

Akasimama, akatembea chumba kizima, akarudi, akakaa, akasimama tena. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alisahau kabisa kunikasirikia. Mama Bonifasi hakusahau. Alinifuata, akainama, akanirudishia mikononi wale samaki niliokuwa nimewaweka chini.

"Chukua samaki wako," akasema. "Siku tisa, Skolastika. Siku tisa nimelala na mtu anayejiaga."

Kicheko cha Mzee kikakoma. Akanitazama, safari hii kwa macho ya fundi mkuu.

"Kesho asubuhi utamwambia tajiri," akasema. "Sitakwenda na wewe, na sitakuombea."

Nilikwenda. Bwana Rashidi alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi imetulia vidoleni. Kisha akauliza swali moja: "Ulikuwa wapi nilipokuwa namwambia Mzee akapumzike?"

"Mlangoni. Napiga deki."

"Subhanallah." Akaiweka tasbihi mezani. "Binti, kompresa ningekusamehe, wallahi. Hata samaki. Lakini ulinitazama nikimwambia mzee wa watu kwamba amechoka, ukaendelea kupiga deki. Hilo siliwezi. Kachukue vitu vyako."

Mchana huohuo alikwenda mwenyewe Mfaranyaki, kwa miguu, na sukari na kitenge cha Mama Bonifasi, akamwomba Mzee msamaha na kumwomba arudi. Mzee akarudi. Kipuri kilipofika alikifunga yeye, na swichi ya usalama akaiunganisha kabla ya kitu kingine chochote.

Mimi nikapata kona kwenye kibaraza cha duka la kaka yangu, hapohapo Mfaranyaki, nikaandika ubao: FUNDI FRIJI. Watu walipita wakausoma. Watoto waliokuwa wakipita kwenda shule walikuwa wanatoa mlio wa kupasuka kitu, "Paa!", kisha wanakimbia. Sikupata mteja wiki ya kwanza, wala ya pili. Wiki ya tatu kaka yangu alianza kuniuliza, kwa upole, kama nimewahi kufikiria biashara ya maandazi.

Ndipo siku moja saa nne asubuhi akaja mwalimu mmoja mgeni, mwanamama aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba. Alikuwa na friza anayogandishia barafu za kuwauzia wanafunzi wakati wa mapumziko, na ilikuwa imeacha kugandisha. Alisimama mbele ya ubao wangu, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguu ya ovaroli niliyoikunja mara tatu.

"Wewe ndiye Skola?"

"Ndiye mimi, mwalimu. Nani amekuelekeza?"

"Nilikwenda kumwita Mzee Otmari, akasema ana kazi nyingi, nije kwako. Nikamwambia, lakini huyo si ndiye aliyepasua mashine ya samaki? Akasema ndiye." Mwalimu alishusha pumzi, kana kwamba na yeye bado analipima lile jibu. "Nikamwuliza kama unajua kazi. Akasema unajua, ila una haraka. Kisha akaniambia, 'Mafundi wa kukuharibia friza ni wengi hapa mjini, mwalimu. Yule akikuharibia, atakuja kukuambia mwenyewe.'"

Niligeukia ukutani, nikajifanya natafuta spana.